Aldabra: Tunamfungia Mlango Asiyeleta Taka

Kila zinapotajwa meli ndogo za watalii zinazotia nanga Aldabra, atoli (pete ya visiwa vya matumbawe inayozunguka lagooni, yaani bahari ya ndani) ya Ushelisheli iliyo karibu zaidi na pwani ya Tanzania na Msumbiji kuliko na Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, husikika kauli moja: pafungwe. Waachiwe kobe na watafiti, basi.

Wasemao hivyo wana sababu. Wanaishi hapo kobe wakubwa wapatao 100,000, na ndege asiyeweza kuruka ambaye wenzake wa visiwa vingine vya Bahari ya Hindi wamekwisha wote. Mbegu ngeni iliyonasa kwenye soli ya kiatu inaweza kuota na kuleta balaa. Mbuzi walioletwa zamani walimaliza majani na vivuli vinavyowahifadhi kobe, na kuwaondoa ilikuwa kazi ya miaka mingi hadi 2012. Tena meli inachoma mafuta njia nzima, na joto la bahari ndilo lililoyapausha matumbawe ya huko 1998 na 2016.

Lakini mgeni huyu anaingiaje? Hoteli hakuna, uwanja wa ndege hakuna. Lazima awe na kibali cha Seychelles Islands Foundation, taasisi inayoitunza atoli. Viatu na mkoba hukaguliwa, akishuka huongozana na walinzi, na jioni hurudi kulala melini. Hata saa zake hupangwa na bahari. Maji yakijaa, boti ya mpira hupita Grande Passe, mlango mkuu wa lagooni, ikisukumwa na mkondo huku kasa na papa wadogo wakipita chini yake. Yakianza kupwa, hana budi kutoka, maana sehemu kubwa ya lagooni hubaki tope, madimbwi, na miamba iliyoliwa chini hadi ikafanana na uyoga.

Sasa linganisha na kinachoingia bila kibali. Mwaka 2019 watu wa kujitolea walikusanya taka za plastiki Aldabra kwa wiki tano, wakaondoa tani 25. Watafiti wakakadiria kwamba zimebaki tani 513. Juhudi zote zile, haikufika hata asilimia tano ya mzigo! Walikadiria pia kuwa kuusafisha wote kutagharimu dola milioni 4.68, yaani kama dola 9,000 kwa kila tani, na saa 18,000 za kazi. Kama asilimia 83 ya uzito huo ni zana za uvuvi: kamba, nyavu, maboya. Ndala pekee zilikadiriwa kuwa 360,000, kwenye visiwa ambavyo havina hata kijiji.

Takwimu hiyo siwezi kuiacha. Mtalii hakuja na tani 513. Zimeletwa na mikondo kutoka vyombo vya uvuvi na pwani za mbali, na nyingi zimerundikana kusini mwa Grande Terre, kisiwa kikubwa zaidi cha atoli, pale kasa jike anapopanda usiku kutafuta mchanga wa kutagia. Akikuta rundo la kamba, huhangaika, na pengine hurudi baharini mayai yakiwa bado tumboni.

Na fedha? Kwa miaka mingi gharama za Aldabra zimebebwa kwa sehemu kubwa na viingilio vya Vallée de Mai, msitu wa minazi ya coco de mer kisiwani Praslin. Maharamia wa Kisomali walipotisha meli, mapato ya wageni wa Aldabra yalipungua. UVIKO-19 ilipofunga mipaka 2020, hata Praslin kulikauka. Walinzi waliendelea kuhitaji chakula, mafuta ya boti na mishahara.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotaka pafungwe hulisahau. Miaka ya 1960 Uingereza ilipanga kujenga uwanja wa ndege za kijeshi Aldabra. Wanasayansi waliokwenda kupaona wakarudi wakapiga kelele, na mpango ukaachwa 1967, ingawa uchumi wa Uingereza kuyumba nako kulichangia. Mahali pasipo na shahidi ni rahisi kupachukua.

Kwa hiyo idadi ya meli isiongezwe, na masharti yasilegezwe hata kidogo. Ila anayestahili kubanwa zaidi ni mwenye nyavu. Meli za jodari zitakiwe kuhesabu zana zinapotoka bandarini na zinaporudi, na zilipie kila kamba isiyorudi, kwa bei ile ile ya dola 9,000 kwa tani.