Mangi, Reykholt Ziko Ngapi?

Kosa lilianzia jikoni, Copenhagen, tulipogawana kazi. Mwenzangu wa Tanga alichukua ndege na gari, mimi nikaachiwa malazi ya usiku saba Iceland, eti Wachaga tunajua bei. Nikaziorodhesha nyumba zote kuanzia ya bei ya chini, na usiku wa kwanza nikaupata Reykholt kwa nusu ya bei ya wengine. Nikalipa hapohapo, mtu asiniwahi. Chini ya bei palikuwa na neno refu, svefnpokapláss. Nikadhani ni jina la mwenye nyumba.

Kwenye karatasi mpango ulipendeza: tunatua Keflavík asubuhi, tunapita Þingvellir, tunaona maji ya moto yanavyoruka Geysir, kisha maporomoko ya Gullfoss, halafu Reykholt kulala, mwendo wa kama nusu saa. Na nusu saa ilikuwa kweli. Saa tatu usiku, jua bado linatuchoma macho (mwezi wa sita huko linazama karibu na saa sita, na giza haliji kabisa), tulikuwa tunazunguka kijiji chenye vitalu nyumba vya nyanya tukitafuta nyumba isiyokuwepo. Mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo aliichukua simu yangu, akasoma anwani, akaweka kidole kwenye namba 320.

"Hii ni Reykholt ya magharibi. Posta yetu hapa inaanza na nane."

Mimi ni mtu wa Moshi. Nimekulia nchi yenye Majengo kila mji na Kibaoni kila njia panda, kwa hiyo sina pa kujitetea. Waiceland nao waliita mahali kwa walichokiona. Reykur ni moshi au mvuke, holt ni kilima cha mawe. Penye kilima na mvuke unaofuka ardhini, jina limeshapatikana. Kuandika "Reykholt" tupu kwenye ramani ya gari ni kama kumwambia bodaboda "nipeleke Majengo" bila kutaja mji: atakupeleka, ila ni Majengo anayoijua yeye. Kinachozitenganisha ni zile tarakimu tatu za posta, ambazo mimi nilizipita kama mapambo. Mwaka 2016 kuna Mmarekani aliyekuwa anatafuta hoteli yake mtaa wa Laugavegur, Reykjavík. Herufi r moja iliyozidi kwenye anwani ikampeleka Laugarvegur ya Siglufjörður, pwani ya kaskazini, saa tano hivi za kuendesha. Habari ile niliisoma nikacheka mpaka machozi.

"Mangi," mwenzangu akasema polepole, kwa ile adabu ya Kitanga inayouma kuliko tusi, "mtu wa Moshi kapotelea kwenye moshi."

Njia ya mkato ipo, namba 52, ila ina changarawe, na bima ya gari niliyoshauri mimi (ya bei ya chini) haikugusa mawe. Tukarudi Þingvellir, tukashuka Mosfellsbær, tukapita handaki la Hvalfjörður, lenye urefu wa karibu kilomita 6, linalopita chini ya bahari, tukafika Borgarnes ndipo tukakata kuingia ndani. Mwendo wa saa mbili na nusu, na redio ndiyo iliyokuwa inaongea peke yake. Njiani nilimpigia mwenye nyumba. Huko nyumba nyingi ndogo hazina mapokezi: ufunguo unakaa kwenye kisanduku mlangoni, na namba za kukifungulia hutumwa kwa barua pepe. Alikuwa amezituma. Nilizifuta nikidhani tangazo.

Saa sita na nusu usiku tukafungua chumba. Vitanda viwili, magodoro mawili, basi. Hakuna shuka, hakuna blanketi. Ndipo nikalitafuta lile neno: svefn ni usingizi, poki ni mfuko, pláss ni nafasi. Yaani nimekodi nafasi ya kutandika mfuko wangu wa kulalia, mfuko ambao sina. Anayetaka kitanda kilichotandikwa hutafuta maneno uppbúin rúm na kulipa zaidi, au huomba mapema akodishiwe matandiko. Saa sita na nusu si mapema.

Mwenzangu alikuwa na shuka la Kimasai, alilolibeba ili apige nalo picha kwenye barafu. Akajizungushia, akavaa na koti, akageukia ukutani. Mimi nilikuwa na doti ya kanga ya zawadi. Nikaikata uzi, nikajifunika upande mmoja juu ya taulo, upande wa pili miguuni. Nikaliangalia pazia zito la dirishani: nikilitoa nijifunike, mwanga utanikesha, nikiliacha, baridi itanikesha. Nikaliacha. Kimya kikapita, kisha nikasikia mtu anasoma maandishi ya kifuani kwangu, herufi kwa herufi: "Usisafirie nyota ya mwenzio."

Asubuhi mwenye nyumba alileta kahawa akatukuta tumelala na viatu. Hakusema kitu. Alienda chini ya dirisha, akainama, akazungusha valvu ya redieta kutoka sifuri mpaka nne. Bomba likaanza kunguruma. Akatueleza, kwa upole kabisa, kwamba joto hapo linatoka ardhini, na kwamba kilomita chache tu kutoka tulipolala iko Deildartunguhver, chemchemi inayotoa lita 180 za maji ya nyuzi 97 kila sekunde, hakuna ya kuishinda Ulaya nzima. Maji yake yanapasha Borgarnes, kilomita 34, na Akranes, kilomita 64. Karibu na kanisa pale kijijini kuna bwawa la maji ya moto la Snorri Sturluson, mwandishi aliyeuawa hapohapo mwaka 1241. Hata yeye alikuwa anaoga ya moto.

Mwenzangu aliichukua simu yangu bila kuomba, akaanza kukagua usiku uliobaki.

"Kesho kutwa tunalala Hof," akasema.

Mwenye nyumba akakiweka kikombe chini.

"Hof ipi?"