Joto la chumba cha nani?

Miongozo ya hadubini ya tabaka la mwanga, ile inayomulika kiumbe hai kwa utando mwembamba wa mwanga wa leza, ina sentensi moja inayokera: acha agarosi (jeli ya mwani inayomshikilia kiumbe asisogee) igande kwa joto la chumba. Chumba cha nani, jamani? Mbinu hii ilipata umbo lake la leo Heidelberg, Ujerumani, kwa kazi ya Huisken na wenzake ya mwaka 2004, na Heidelberg si Msimbati ya pwani ya Mtwara. Chumba chao kina nyuzi 21. Mtwara mwezi wa Januari, feni ikizunguka, chumba kinagonga 30, wakati agarosi za kuyeyuka kwa joto dogo nyingi huganda kati ya nyuzi 26 na 30. Piga hesabu.

Unapata uji. Kiluwiluwi cha jongoo bahari kimo ndani ya mrija mwembamba wa kioo, pistoni inasukumwa, kipande cha agarosi kinaning'inia kwenye maji ya chemba na kwa macho kimeshika. Kumbe kinavutika na kupinda polepole kama mlenda. Tabaka la mwanga mara nyingi lina unene wa mikromita 3 hadi 5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Kiumbe kikienda upande mikromita 10 tu, sehemu unayoipiga picha imeshatoka kwenye tabaka. Picha inafifia. Mtaalamu wetu anafanyaje? Anaongeza leza! Hadubini iliyobuniwa kumulika sehemu inayopigwa picha peke yake, ili kiumbe kiishi, anaigeuza jiko. Asubuhi kiluwiluwi maiti, lawama kwa mota ya kusogezea sampuli, au kwa kopo la agarosi eti limepitwa na muda. Julai kusi ikivuma, kopo lile lile linaganda safi, na hakuna anayejiuliza.

Dawa si kupoza chumba kizima. Agarosi hii ikishaganda haiyeyuki tena mpaka karibu nyuzi 65, hivyo inataka ubaridi wa dakika chache tu. Gramu 0.1 kwa mililita 10 za maji ya bahari yaliyochujwa. Ukitumia maji yasiyo na chumvi, seli zitavimba zipasuke. Chemsha mpaka yawe angavu, subiri viputo vielee juu vitoke (kiputo kimoja kinatosha kuchora mistari ya kivuli kwenye picha nzima), shusha hadi nyuzi 34, tia kiumbe, vuta kwenye mrija upesi. Lowesha mrija kwenye beseni la maji ya bahari ya nyuzi 23 au 24 kwa dakika 5. Kupozea, chupa ya barafu kutoka soko la samaki yatosha, ila barafu ibaki ndani ya chupa, isipunguze chumvi. Kisha sukuma milimita 2 nje. Ncha ikipinda, rudisha beseni.

Haya, kiyoyozi nacho kina kazi: lenzi huota kuvu kwa unyevu, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu peke yake havifui dafu pwani hii.

Lakini kinachoudhi kuliko vyote ni kuona "joto la chumba" limenakiliwa kwenye miongozo inayoandikwa hapa hapa Mtwara, kwa Kiswahili fasaha, kipimajoto kikiwa ukutani nyuma ya mwandishi.