LS3/5A na LS50: spika mbili za Kiingereza, sebule moja

Kwa wiki tano nimeishi na jozi mbili za spika hapa London mashariki. Moja ni Rogers LS3/5A ya miaka ya 1970, niliyoazimwa na mzee wa Kizanzibari anayekaa mtaa wa pili. Nyingine ni KEF LS50 Meta, niliyoinunua mwenyewe ikiwa mpya. Sebule yangu ni mita nne kwa tatu na nusu, ukuta mmoja tunagawana na jirani, na mtoto hulala saa mbili usiku. Nayataja haya mwanzoni kwa sababu mabishano mengi juu ya spika za zamani na za kisasa huendeshwa kana kwamba kila mtu ana ukumbi na ruhusa ya kutikisa madirisha. Hapa nazungumzia mtu aliyerudi kazini, amekaa kwenye kochi, anataka kusikia muziki vizuri bila ugomvi na majirani.

Kwanza, hizi mbili ni ndugu. LS3/5A haikubuniwa na kampuni ya biashara. Ilibuniwa na wahandisi wa BBC katikati ya miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo spika kubwa haiingii na kuvaa hedifoni saa nzima kunachosha. BBC haikuuza spika. Ilitoa leseni kwa kampuni kama Rogers, Spendor, Chartwell na Harbeth. Lakini yeyote aliyeiunda, spika mbili zilizomo ndani ya boksi zilitoka mahali pamoja: KEF ya Maidstone, Kent, iliyoanzishwa mwaka 1961 na Raymond Cooke, ambaye naye aliwahi kufanya kazi BBC. Mwaka 2012, KEF ilipotoa LS50 ya kwanza kuadhimisha miaka yake 50, ilisema wazi kwamba imetokana na fikra za LS3/5A. Hata vimo vyao vinakaribiana: zote zina urefu wa sentimita 30 hivi na upana usiozidi 20.

Mzee alinifungulia ile ya zamani mezani kwake kabla ya kunikabidhi. Kitambaa cha mbele kinavuliwa kwa mkono. Chini yake ipo twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, iliyozungushiwa vipande vya sufi nyeusi, vya kuzuia sauti isigonge kingo za boksi na kurudi. Koni ya sauti nene ni ya plastiki iitwayo Bextrene, iliyopakwa dawa ya kutuliza mtetemo. Mgongo umefungwa kwa skrubu za kawaida. Nilipogonga ubavu kwa kifundo cha kidole ilijibu kwa mlio mfupi uliokufa papo hapo, kama kugonga kitabu kinene.

Mlio huo una elimu ndani yake. Mtu angedhani boksi zuri ni lenye kuta nene. Wahandisi wa BBC waliona kwamba ukuta mnene na mgumu hauachi kutetemeka. Mtetemo wake unahamia juu tu, kwenye masafa ya sauti ya mwanadamu, na hapo sikio linaugundua mara moja. Wao walitumia plaiwudi nyembamba, ya milimita 12 hivi kwa LS3/5A, wakabandika ndani mikeka ya lami. Mtetemo unabaki chini, na lami inaumeza. Kazi hiyo ilimhusu sana Dudley Harwood, ambaye mwaka 1977 alianzisha Harbeth, jina lililounganisha la kwake na la mkewe Elizabeth. Spendor nayo ni Spencer na Dorothy. Napenda kwamba majina makubwa ya fani hii ni ya watu na wake zao waliothubutu kuanzisha biashara.

Sasa sauti yenyewe. Mtu akisema kitu kupitia LS3/5A, yumo chumbani. Nilipiga rekodi za Siti binti Saad, zile ambazo kampuni ya Kiingereza ya HMV ilianza kuzirekodi Bombay mwaka 1928, na sikusikia upungufu wowote. Rekodi za wakati ule hazina besi nzito wala sauti nyembamba za juu sana. Karibu kila kilichomo ni koo la mwimbaji na nyuzi, na hapo ndipo spika hii ilipoelekezwa nguvu zake zote. Taarifa ya habari, mahojiano, Kurani, gitaa moja na mwimbaji mmoja: sijasikia boksi dogo linalovifanyia haki zaidi.

Lakini kuna jambo ambalo wapenzi wake hawapendi kulitaja. Boksi hili la takriban lita tano haliwezi kutoa besi ya kweli. Chini ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 70 au 80 linaanza kukata tamaa. Waliolibuni waliliachia uvimbe kidogo wa sauti juu ya hapo, kuzunguka Hz 100 na ushee, ili sikio lidhani kuna besi kuliko ilivyo. Unapoambiwa kwamba spika za zamani zina “joto” na za sasa “zimepoa”, sehemu kubwa ya joto hilo ni uvimbe huo. Unapimika, unaonekana kwenye mchoro.

Je, hilo ni kosa? Nilidhani hivyo mpaka nilipoanza kusikiliza usiku. Sikio la mwanadamu hupoteza besi haraka sauti inapopunguzwa. Muziki uliokuwa mzima mchana unakuwa mwembamba usiku, ingawa spika haijabadilika. Mtoto alipolala nikashusha sauti hadi ya mazungumzo ya kawaida, na hapo LS3/5A ikaendelea kuwa na mwili. LS50 Meta, ambayo kwa vipimo ni nyoofu zaidi, bila uvimbe ule, ilionekana imepungukiwa na kitu. Mchana ukiisha na sauti ikishuka, uvimbe ule unafanya kazi ya kurekebisha sikio. Sijui kama waliokaa kwenye magari yale walilifikiria hilo, ila mimi limenifaa usiku hadi usiku.

Ukipandisha sauti, mambo yanageuka kabisa. LS3/5A inahitaji kusukumwa: unyeti wake, yaani sauti inayotoa kwa nguvu ile ile ya amplifaya, ni desibeli 82 na kitu, wakati LS50 Meta ni 85. Kila desibeli 3 ni kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo. Na wakati huo huo LS3/5A haivumilii nguvu nyingi. Ilikadiriwa kubeba wati 25 za muziki. Nilipiga muziki wa dansi, besi gitaa na tumba vikiingia pamoja, nikasogeza kitufe kidogo tu, na koni ikaanza kugonga mwisho wa safari yake. Nilipomsimulia mzee alitikisa kichwa. “Hizi si za kupigia harusi, mwanangu. Wewe ndiye unayeisogelea, usitake ikufuate jikoni.”

LS50 Meta inakufuata jikoni. Twita yake imewekwa katikati ya koni ya sauti nene, mpango ambao KEF inauita Uni-Q na ambao ilianza kuutumia mwaka 1988, baada ya kupatikana sumaku za neodimiamu zenye nguvu nyingi katika umbo dogo la kutosha kuingia kwenye nafasi ile. Sauti zote zinatoka mahali pamoja na kusambaa kwa usawa, kwa hiyo mke wangu akiwa mezani na mimi nikiwa kwenye kochi tunasikia karibu kitu kimoja. Kwenye LS3/5A, ukiinuka tu kusimama, sauti ya juu inabadilika. Na wanaolilaani wazo hili kama ujanja wa kisasa wakumbuke kwamba Tannoy walitoa Dual Concentric yao, yenye spika mbili kwenye mhimili mmoja, mwaka 1947, miaka karibu 30 kabla ya LS3/5A.

Kwa kweli, katika suala la kusambaza sauti, mashuhuri kuliko zote za zamani ndiyo dhaifu kuliko zote. Quad ESL ya Peter Walker ilitoka mwaka 1957, mwaka ambao Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kusikika kutoka London. Haina boksi wala koni. Ni utando mwembamba wa plastiki uliochajiwa kwa maelfu ya volti, unaovutwa na kusukumwa kati ya mabamba yenye matundu. Kwa uwazi wa sauti ya kati bado inawatoa jasho wabunifu wa leo. Lakini ni spika ya kiti kimoja, besi yake ni ya adabu mno, na ukiisukuma kupita kiasi cheche zinapiga ndani na paneli inaungua. Ilitengenezwa hadi miaka ya 1980, na anayeinunua leo anunue na urafiki wa fundi.

Turudi kwenye LS50. Toleo la Meta, la mwaka 2020, lina kisahani cha plastiki nyuma ya twita chenye vijia vingi vyembamba vilivyojikunja kama njia za mchwa ndani ya kichuguu. Kila kijia kimepimwa kumeza masafa yake. Sauti inayotoka nyuma ya twita, ambayo kwa kawaida hurudi na kuchafua ile ya mbele, inaishia humo. Kampuni yenyewe inasema asilimia 99 yake inamezwa. Uso wa mbele umepinda ili kusiwe na kingo za kugongwa na sauti, kazi ile ile iliyofanywa na sufi kwenye LS3/5A. Ninachokisikia ni utulivu. Kwaya ya watu 40 inabaki watu 40, hata wanapopaza sauti wote kwa mara moja. Ile ya zamani ikifika hapo inawakusanya kuwa kundi moja.

Kwa sauti peke yake, basi, naipa ya kisasa ushindi kwa mambo mengi: ukubwa wa sauti, usafi, uhuru wa kukaa popote, na spika mbili za jozi kufanana. Ya zamani naipa sauti ya mwanadamu, kwa kuzidi kidogo tu, na usiku. Hoja nzito ya upande wa zamani, kwa maoni yangu, iko kwenye zile skrubu za mgongoni.

Jozi ya mzee ina karibu miaka 50. Amebadilisha kapasita chache kwa mkono wake na twita moja iliyoungua. Kampuni ya Falcon Acoustics, iliyoanzishwa na Malcolm Jones, yule yule aliyebuni B110 (koni ya sauti nene) na T27 (twita) za LS3/5A alipokuwa KEF, leo inatengeneza upya spika hizo mbili kwa vipimo vya awali. Maana yake ni kwamba LS3/5A inaweza kuishi miaka mingine 50. Sasa angalia mwelekeo wa soko: LS50 Wireless II ina amplifaya ndani, kompyuta ya kuchakata sauti, Wi-Fi na programu ya simu. Inasikika vizuri ajabu, pengine kuliko jozi yangu. Lakini simu za leo zitakapokuwa zimesahaulika, na chipu moja ikafa, koni nzima na sumaku nzima vitakaa ndani ya boksi bubu. Ndiyo maana nilichukua Meta ya kawaida, ya nyaya mbili na amplifaya ya pembeni. Nakubali maendeleo ya twita na koni kwa mikono miwili. Sikubali spika ambayo uhai wake umefungwa kwenye programu ya simu.

Wapo wanaolalamika kwamba LS50 inabuniwa Maidstone na kuundwa China, na kwamba kampuni za Kiingereza za Wharfedale na Quad ni mali ya kampuni ya Kichina siku hizi. Ni kweli, na Harbeth bado wanaunda zao Uingereza kwa anayejali hilo. Mimi sisikii mpaka wa nchi kwenye spika. Ninasikia kama kazi ilifanywa kwa uangalifu, na kwenye Meta ilifanywa.

Bei ndiyo inayonikera. LS50 Meta ilitoka kwa takriban pauni 1,000. Jozi safi ya LS3/5A ya miaka ya 1970 mara nyingi huuzwa kwa bei hiyo au zaidi, kwa sababu wakusanyaji wameigeuza pambo. Spika iliyobuniwa kubebwa kwenye gari la matangazo inafungiwa kabatini. Kwa mtu anayenunua jozi moja tu, apige kila kitu mchana na usiku, nitamwambia achukue ya kisasa.

Ila kama moyo umeshaangukia ya zamani, usinunue kwa picha. Hakikisha namba mbili za mgongoni zinafuatana, kwa sababu jozi zililinganishwa kiwandani. Uliza kama ni ya omu 15 (kipimo cha ukinzani wa umeme) au ya omu 11 iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Zote ni nzuri, lakini moja ya kila aina si jozi. Vua kitambaa uangalie kama sufi ipo, maana waliofungua wengi hawakuirudisha, na angalia vichwa vya skrubu kama vimechubuliwa na bisibisi isiyofaa. Kisha mwombe muuzaji aweke redio, mtangazaji akisoma habari, sauti ya chini, spika moja moja. Mtangazaji akisikika yule yule kulia na kushoto, hapo mnaweza kuanza kuzungumza bei.