Kama maongezi yapo, basi tuongee
Jamani hii kitu inanichosha kweli. Tangazo limeandikwa nyumba ipo Goba, vyumba vitatu kimoja masta, milioni 120, maongezi yapo. Nikafunga safari, dalali nikampa elfu 20 yake ya kuonyeshwa, kufika nakuta ukuta wa sebuleni una ufa unaingiza ufunguo kabisa, dari la chumba cha watoto lina madoa ya maji, na nikiuliza hati naambiwa kuna karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Nikasema nina milioni 95, nalipa mara moja. Weee, mwenye nyumba akanifokea mbele ya mke wangu, eti kama huna hela usipotezee watu muda.

Sasa kupima kiwanja na kufuatilia hati nani atalipa kama sio mimi? Hiyo 95 niliipigia hesabu na fundi, sikuiokota barabarani. Kariakoo hata kitenge tunapatana bei na hakuna anayenuna, sembuse nyumba. Kataa tu, sema mwisho 112, tutaagana vizuri.

Na madalali nao! Anakuvuta pembeni ananong'ona panda kidogo bosi, panda kidogo, wakati bei ikipanda na kamisheni yake inapanda, na hapo bado hujui kaweka cha juu kiasi gani.

Leo asubuhi dalali kanipigia tena, eti nyumba bado ipo, nifike hata 100.