Binti Aliyefunga Zote Thelathini

Shoga yangu mmoja wa Kibokoni, hapa Mombasa, ana mpwa ambaye, Ramadhani ya miaka mitatu nyuma, alifunga mwezi mzima pasi na kukatisha hata siku moja. Alikuwa na miaka 16. Nyumba nzima ikamsifu, mashaallah, mtoto ana imani, na mkono wake wa Idi ukawa mnono kuliko wa wenziwe. Shangazi mtu ndiye aliyekaa akahesabu. Msichana aliyekwisha vunja ungo, na hedhi yake ni ya kawaida, ni nadra kuupita mwezi wote bila kula mchana. Huwa na siku zake ambazo hasali wala hafungi, na siku hizo hubaki deni la kulipa baada ya Idi. Huyu hakuwa na deni hata la siku moja.

Ulikuwa mwezi wa saba mfululizo hapati hedhi. Mwili unaonyimwa chakula hufunga kwanza milango isiyo ya dharura, na uzazi ni mmojawapo. Chini ya buibui alikuwa amebaki ng'onda, na katika joto la kaskazi, watu wakitafuta upepo barazani, yeye alijifunika blanketi. Kwenye sinia mkono wake ulikwenda na kurudi kama mikono ya wenzake. Ulichorudi nacho ndicho hakuna aliyekitazama. (Nimeruhusiwa kulisimulia hili, maadamu sitaji majina.)

Kisa hicho nilikuwa nacho kichwani mwaka jana, katika kikao cha wazazi cha shule moja ya kisiwani. Mwalimu wa ushauri nasaha alipendekeza wanafunzi wazungumziwe kuhusu maradhi ya ulaji: kujinyima chakula mpaka mwili ukaisha, ambako madaktari hukuita anoreksia, na kubugia chakula kwa kificho kisha kujitapisha, ambako huitwa bulimia. Ukumbi ulichafuka. Baba mmoja akasema hayo ni maradhi ya Wazungu walioshiba. Huko Ganze na Kinango watu wanatafuta unga, nasi tukae tujadili watoto wanaokataa biriani? Mama mmoja akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Mukiwatajia ndiyo mutawafundisha." Pendekezo likaahirishwa, yaani likafa.

Mimi siwacheki, hasa yule mama. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza chuoni. Waliletewa wenzao waliougua wakapona, wawasimulie yaliyowapata. Wiki chache baadaye, waliohudhuria walikuwa na dalili nyingi kidogo kuliko wasiohudhuria. Msimulizi aliyepona, anayesikilizwa na ukumbi mzima, huenda aliyafanya maradhi yaonekane jambo la kawaida, au hata la kutamanika. Anayetaka kupeleka semina shuleni na alijibu hilo kwanza.

Hong Kong inatoa ushahidi unaokata kuwili. Daktari wa akili Sing Lee alikuwa akiwatibu huko wasichana waliokonda hadi kufikia hatari, lakini wengi wao hawakusema wanaogopa unene. Walisema tumbo limejaa, chakula hakishuki, hawana hamu. Kisha mwaka 1994 mwanafunzi mmoja akaanguka barabarani akafa. Magazeti yakayaeleza maradhi yale kwa maneno ya Magharibi, ya msichana anayekimbia unene, na miaka iliyofuata wagonjwa wakazidi kuwa wengi na wakazidi kusema maneno hayohayo. Anayeamini kwamba jina hueneza ugonjwa atapata nguvu hapa. Lakini na aisome habari tangu mwanzo: wasichana walikuwa wakikonda kabla ya jina kufika. Walikuwa tu wakilalamika kwa lugha ya kwao.

Na lugha ya kwetu ni ipi? Hapa ndipo ninapoachana na yule baba. "Nina alsa." "Nimeshakula nilikotoka." "Nimefunga sunna ya Alhamisi." "Nalipa deni." "Najiweka sawa kwa harusi ya dada." Kila moja ni sababu halali, na huo ndio ugumu wenyewe: mji huu una sababu nzuri za kutokula kuliko hiyo miji ya Wazungu tunayoitupia ugonjwa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kuhusu wasichana wa sekondari kaskazini-mashariki mwa Ghana waliojinyima chakula kwa kukusudia, wakikuhesabu kujinyima huko kuwa dini na kuitawala nafsi. Unene haukuwa hoja kwao. Ungewauliza lile swali la kwenye fomu za kupimia maradhi haya, "unaogopa kunenepa?", wangejibu hapana, nawe ungewaandika wazima.

Wapo wanaodhani kwamba sisi tuna kinga, kwa kuwa Pwani husifu mwanamke aliyenawiri na mwali alikuwa akiwekwa ndani ale, asingwe, atakate. Huenda ilikuwa kinga zamani. Binti wa leo ana vioo viwili: bibi anamwambia amekuwa kimbaumbau, simu inamwonyesha kiuno cha nyigu kilichochongwa kwa filta. Salamu zetu nazo ni mizani. "Umekonda, una nini?" "Umenenepa, ndoa imekukubali!" Kila mpita njia ana ruhusa ya kuusema mwili wa mwenziwe, na asemwaye anatakiwa acheke. Tena mtu akikonda ghafla, watu wa mtaa huwa na jina tayari, tangu enzi za hofu ya ukimwi. Ndiyo maana mama huona heri aseme mwanawe ana alsa kuliko kumpeleka mahali ataonekana.

Wavulana nitawapitia haraka, si kwa kuwa hawaugui. Kijana wa Majengo akikonda, jibu ni muguka, majani ya kutafuna kama miraa. Tangu mvutano wa 2024, kaunti ilipoipiga marufuku na mahakama ikaisimamisha amri hiyo, hilo ndilo la kwanza mzazi kulifikiria, na kweli muguka huua hamu ya kula. Lakini akishalaumiwa muguka, nani atamwuliza kwa nini anakimbia ufukweni mara mbili kwa siku hali hajatia kitu tumboni?

Wembamba wenyewe ni dalili ya kudanganya. Wengi wenye bulimia wana mwili wa kawaida kabisa. Anayeishi nao huona mengine: kwenda chooni kila baada ya kula na kufungulia maji yamwagike muda mrefu, mashavu kuvimba chini ya masikio, makovu kwenye vifundo vya vidole, meno yaliyoliwa na asidi, ambayo mara nyingi daktari wa meno ndiye wa kwanza kuyagundua. Sanamaki ya bibi inapungua mkebeni na hakuna aliyesema hapati choo. Mwanafunzi anazimia paredi ya asubuhi mara ya pili katika muhula. Na moja linalowapumbaza akina mama kuliko yote: binti ndiye mpishi wa nyumba. Anasonga, anakaanga kaimati, anawapakulia wote, anatazama video za mapishi hadi usiku wa manane. Vipi mtu apendaye jiko namna hii awe hali chakula?

Jibu lilipatikana Minnesota, mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 wa kiume, wenye afya ya mwili na akili, walijitolea kula takriban nusu ya chakula chao kwa miezi sita, ili wanasayansi wajifunze namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Wakawa hawaongei ila chakula. Wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wakaramba sahani, wakanuna, wakajitenga. Baadhi, waliporuhusiwa kula, walibugia bila kushiba. Hawa walianza wakiwa wazima. Njaa yenyewe ndiyo iliyowageuza akili. Kwa hiyo yule anayeambiwa ana kiburi, au ana jini, huenda anachoonyesha ni tabia ya ubongo wenye njaa. Sikatai kisomo. Asomewe, huku amekwisha pimwa mapigo ya moyo, presha na potasiamu, kwani anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi, na wengine hufa kwa moyo kusimama, wengine kwa kujiua. Kuzimia, moyo kwenda mbio au polepole mno, kutapika damu, kukataa hata maji, kusema heri nife: hayo hayangoji kesho.

Sasa, wanaosema familia yetu inatosha wana haki kiasi gani? Kubwa kuliko wanavyojua. Mwaka 1987 madaktari wa hospitali ya Maudsley, London, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kwa vijana walioanza kuugua wakiwa wadogo na hawajamaliza miaka mitatu katika ugonjwa, tiba iliyowahusisha wazazi ilishinda tiba ya mgonjwa peke yake. Mzazi hukabidhiwa usimamizi wa chakula, mlo kwa mlo, kama dawa, hadi mtoto apate nguvu ya kurudishiwa. Nikisoma hayo naliona sinia. Nyumba ya Mji wa Kale yenye bibi, shangazi na mabinamu ina watu wa kumkalia mgonjwa mlo mzima na saa nzima baada yake, jambo ambalo familia ndogo ya kwenye fleti inalitafuta kwa tabu.

Ila sinia hilohilo ndilo lililomficha yule binti. Chakula cha pamoja hakina sahani ya kuhesabia. Itabidi apakuliwe peke yake kwa muda, na bibi ataona ni kumtenga. Zile kelele za "Kula! Kwani chakula kina sumu?" nazo hazisaidii, mazungumzo yafanyike mbali na mlo, yaanze na kilichoonekana, si mwili: "Naona siku hizi wasikia baridi, na rafiki zako huwaendei tena." Na aliyekonda sana asishindiliwe biriani siku ya kwanza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, baadhi ya wafungwa waliokombolewa walikufa kwa kulishwa ghafla, kwa sababu madini ya damu hushuka kwa kasi na moyo ukashindwa. Kiasi cha kuanzia hupangwa na daktari. Kuna hospitali kuu ya Makadara, na kitengo cha akili cha Port Reitz ambacho mitaani hutajwa kwa mzaha, mzaha unaowazuia wengi kufika. Wataalamu wa akili nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Hapo wanaosema tusiwaachie watu wa nyumbani peke yao wana hoja isiyopingika.

Kwa ile shule, rai yangu haikumfurahisha mtu. Semina ya wanafunzi iachwe, au angalau isitaje mbinu, uzani wala visa vya waliopona. Kupima watoto uzito mbele ya wenzao kusifikiriwe kabisa. Wafundishwe watu wazima: matroni wa bweni, mwalimu wa michezo, ustadhi wa madrasa, muuguzi, na somo anayemfunda mwali, kwani yeye huambiwa ambayo mama haambiwi.

Yule mpwa hakufunga Ramadhani iliyofuata. Daktari alikataza, na imamu wa msikiti wao akamsomea aya ya 184 ya Al-Baqara, inayompa mgonjwa siku nyingine. Alilia siku hiyo kuliko siku aliyoambiwa anaumwa. Mwaka huu aliruhusiwa kujaribu, nyumba ikimtazama daku na futari. Asubuhi ya Idi, wakipakua, shangazi akamnong'oneza, "Wadaiwa ngapi?"

"Sita."

Shangazi akamsogezea sahani, akaendelea kupakua.