Taa zinazojiwasha Stockholm na swichi ya mama Isevya

Desemba hapa Stockholm jua linazama saa tisa kasoro alasiri. Natoka kazini usiku umeshaingia, na kwangu taa zimewaka zamani: kikompyuta cha Raspberry Pi, ukubwa wa pakiti ya sigara, kinapiga hesabu ya machweo na kuziamuru. Juni jua hilohilo linazama baada ya saa nne usiku. Bila hesabu hiyo ningekuwa narekebisha saa za taa kila wiki.

Basi kichwa kikavimba. Likizo nikajaza begi swichi za kisasa, nikaenda kumfungia mama, Isevya, Tabora.

Fundi alifungua swichi ya sebuleni, akachungulia, akaniita. "Kaka, nyutro iko wapi hapa?" Yaani waya usio na moto, unaokamilisha njia ya umeme. Haipo. Nyumba zetu nyingi zimefungwa nyaya kwa mtindo wa Waingereza: nyutro inaishia darini kwenye taa, na kwenye swichi zinashuka nyaya mbili tu, layvu yenye moto na ile ya kuurudisha kwenye taa. Swichi zangu zinahitaji nyutro ili zibaki macho hata taa ikiwa imezimwa. Tukahangaika siku mbili kuishusha.

Nilipokwisha kurudi huku, mama akapiga simu. "Baba, hizi taa zako zinanila." Bando la ruta lilikuwa limeisha. Swichi nilizonunua zilikuwa zinapokea amri kutoka kwenye seva ya mbali, intaneti ikikatika haziambiliki, hata ukibonyeza ukutani. Taa nne za nje, wati 50 kila moja, zikawaka usiku na mchana siku tatu, mpaka kijana wa jirani alipokuja kuzima mein swichi. Piga hesabu: uniti 14 na ushee za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zimeteketea kuangazia mwembe.

Hilo kosa ni langu, na naona wenzangu wengi wa ughaibuni wanalirudia. Tunabeba kifaa, tunasahau kubeba swali kilichotengenezwa kulijibu. Jua la Tabora linazama saa moja jioni mwaka mzima, tofauti ni kama nusu saa tu. Ile hesabu ya machweo ninayojivunia, pale inafanywa na sensa ya mwanga ya bei rahisi juu ya geti.

Na ulinzi ndiyo kabisa. Huku nusu ya mpango ni kudanganya. Nikisafiri, taa ya jikoni inawaka, inazima, ya chumbani inafuata, mpita njia aamini kuna mtu. Desemba karibu kila dirisha lina kinara au nyota ya taa, kwa hiyo dirisha jeusi linajitangaza lenyewe. Mlango ukifunguliwa, simu yangu inalia na kampuni inatuma mlinzi. Jirani wa mkabala? Miaka mitatu tumeishia kwenye salamu.

Kwa mama nyumba haijawahi kuwa tupu, nimdanganye nani? Pale Unyamwezini mwano, yowe la kuomba msaada, ukipigwa watu wanatoka, na sungusungu, walinzi wa jadi, walikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla mimi sijajua sensa ni nini. Kazi ya taa ni kuwaonyesha hao wanaotoka waone nani anaruka ukuta.

Kwa hiyo nimepanga upya. Swichi za mama zimerudi zilezile za kawaida, na relei ndogo, swichi zinazowashwa kwa amri, zimefichwa darini, iliko nyutro. Zinaongea na kompyuta iliyo humohumo nyumbani kwa Zigbee, redio ya masafa mafupi, bando liwepo lisiwepo. Kompyuta ina betri yake. Relei zimeambiwa umeme ukirudi zibaki zimezima, maana mara ya kwanza ulirudi saa nane usiku, nyumba nzima ikawaka kama harusini. Geti likifunguliwa usiku wa manane, taa zote za nje zinawaka na king'ora kinalia kuelekea kwa majirani. Mimi napata ujumbe baadaye. Nikiupata kwanza nitafanya nini, nikimbie kutoka Stockholm?

Kilichonitoa jasho ni kumbikumbi. Mvua za Novemba zilipoanza walijaa kwenye taa ya uani, mijusi ikawafuata, mmoja akapita juu ya kioo cha sensa ya mwendo. Sensa ile inafuatilia mabadiliko ya joto, na mjusi aliyeigusa pua ni mkubwa kuliko mwizi aliye mbali. King'ora. Majirani wakatoka na marungu, wakamkuta mama na wajukuu wameinama na mabeseni.

Sensa tumeihamisha mbali na taa, na sasa peke yake haipigi king'ora, mpaka na geti lishuhudie. Nilitaka pia taa ya uani ipunguzwe mwanga msimu huo. Mama akakataa, kumbikumbi atawapata wapi? Tumemfungia kitufe kando ya mlango wa jikoni. Akikibonyeza taa inawaka kwa nguvu zote na king'ora kinanyamaza saa moja, akusanye kwa raha.