Kirusi kubadilika sio lazima awe mkali, jamani

Juzi kuna mtu karusha voisi kwenye grupu la mtaa huku Kirumba, Mwanza, anahema kabisa, eti virusi wa ziwani wamebadilisha protini zao kwa hiyo tuache kula dagaa. Voisi ikaforwadiwa mpaka kwa shangazi yangu Geita, na mama anayeniuzia dagaa pale Mwaloni naye akaniuliza kama ni kweli maana wateja wameanza kumkagua usoni. Asante profesa wa grupu.

Wadau, virusi wengi mno walioko kwenye maji ya ziwa hawana habari na wewe, ni feji, wanavamia bakteria tu, na mililita moja ya maji inaweza kuwa na mamilioni yao. Kubadilika wanabadilika kila siku. Ila hili la "kabadilika basi kawa hatari" ndilo linanichosha, maana feji akiguswa protini muhimu mara nyingi anaharibikiwa yeye.

Chukua T4, feji anayevamia E. coli, bakteria wa utumboni. Anaundwa kama pikipiki zinazokuja kwenye maboksi, kichwa kina fundi wake, mkia wake, miguu wake, halafu ndio vinaungwa. Jeni namba 23 ikifa, protini ya ganda la kichwa haipo, ukipasua bakteria unakuta mikia imejaa humo, mizima kabisa, vichwa hamna. Jeni 20 ikigoma ndio vituko, kichwa hakijui kifungie wapi, kinarefuka tu mpaka kinakuwa bomba lisilo na kazi. Zikiharibika jeni za miguu unapata feji ambaye kichwa kipo, mkia upo, DNA imo, ila anagongana na bakteria siku nzima na hashiki. Mwaka 1966 kule California, wanasayansi Edgar na Wood wakachukua rojo la bakteria waliopasuliwa lenye feji wasio na miguu, wakachanganya na rojo la wale wasio na vichwa ila miguu imo, na miguu ikajibandika humo humo kwenye tyubu, feji wakaanza kuua! Hakuna chembe hai hata moja iliyowasaidia. Hii stori naipenda kupita kiasi, nivumilieni. Na hata mwenye miguu, ncha yake ni protini gp37, ndiyo inayomtambua bakteria, ikikosewa vibaya hapo kwisha habari.

Haya, najua kuna mtu ataniletea lambda, feji mwingine wa E. coli, ambaye alibadilika na akafanikiwa. Sawa, nakubali, shingo upande. Mwaka 2012 watu wa chuo kikuu cha Michigan State, Marekani, walionyesha hivi: lambda kawaida anashika LamB, protini ya juu ya ngozi ya bakteria, bakteria wakapunguza hiyo LamB, na baadhi ya lambda wakaweza kushika protini nyingine ya hapo hapo, OmpF. Lakini angalia gharama yake, mabadiliko manne kwenye protini J ya ncha ya mkia, manne yote, matatu hayatoshi. Na bado ni E. coli yule yule, hajahamia kwa dagaa wala kwa shangazi.

Halafu feji wa kuogopwa kweli hata hatajwi. CTX ndiye anayembebea bakteria wa kipindupindu jeni ya sumu, wanasayansi Waldor na Mekalanos walionyesha 1996, anashika vinyweleo vya bakteria, anaingia, anajichomeka kwenye DNA yake, na ile sumu ndiyo inayoleta kuhara maji ya mchele. Ukitaka kututisha usiku rekodi hiyo, sema watu wachemshe maji, mama wa dagaa muache auze.